Meza ya Tension Siku ya Kura

Kwa garaje yetu ya mutaa wa Buyenzi, hakuna gari inatoka bila kupimwa. Muzee Mohamadi, bosi wetu, hataki mchezo. Unapima hewa ndani ya pneu za magurudumu. Unaangalia mafuta ya moteri. Unaangalia maji. Ukimaliza, ndiyo unaita mwenye gari.

“Gari haina mudomo,” anatuambia kila siku. “Haitakuambia kama iko mugonjwa. Pima!”

Mi ni Ilias. Nafanya kazi pale miaka saba. Dada yangu Houda anatuletea chakula saa sita, wali na samaki wadogo wa ndagala. Aliolewa na Yahaya mwaka jana. Yahaya anauza vipande vya magari, duka yake iko mulango wa pili toka garaje. Houda alikuwa na mimba ya miezi nane, mimba ya kwanza.

Siku moja Houda akakuja anavuta miguu. Nikatazama chini. Alikuwa amevaa sandale kubwa za Yahaya.

“We, viatu vya bwana yako unavaa sababu gani?”

“Zangu haziingii tena. Miguu imevimba.”

“Na mikono?”

“Pete nayo nimetoa kwa sabuni. Kichwa kinaniuma pia. Lakini mimba ni hivyo, sha. Majirani wote wananiambia.”

“Ulienda kwa muganga wa kituo cha afya?”

“Nilienda mara moja, mwanzo. Wakanipa chandarua. Mutoto anacheza vizuri. Nirudi kufanya nini?”

Mi si muganga. Nikakula wali wangu. Lakini zile sandale zilinibaki kwa kichwa.

Wiki ile kura ilikuwa karibu. Mutu akapita na mikro, anatangaza: siku ya kura, kutakuwa meza ya afya ndani ya shule, pale watu watachagulia. Kupima tension, ile wengine wanaita presha, bure. Kupima sukari, bure. Ile shule iko mbele ya garaje yetu, ngambo ya barabara tu.

Yahaya akaingia garaje, amekasirika.

“Mumesikia? Bure! Mwaka mzima watu wa chama hawajui njia ya kuja Buyenzi. Siku ya kura ndiyo wanakumbuka tuko na damu!”

Moïse akacheka. Moïse anaendesha taxi, anakaa Bwiza. Gari yake ilikuwa kwetu, tulikuwa tumetoa frein zote za kusimamisha gari.

“Yahaya, tension itanunua kura namna gani? Wakikufunga ile kitambaa kwa mukono, utasahau mutu wako wa kuchagua?”

“Cheka tu. Wataandika majina. Watajua nani alikuja, nani hakuja. Kesho wanakuita. Muke yangu hatapimwa pale.”

“Mi nitapimwa,” Moïse akasema. “Nashinda nimekaa kwa volant, naendesha. Nitapata lini nafasi ya kwenda kupanga mustari kwa muganga?”

“Basi ujue umeuza kura.”

“Kwa bei ya kitambaa?”

Wote wakaanza kuongea pamoja. Muzee Mohamadi akapiga capot, mufuniko wa moteri, na ufunguo mukubwa wa kufungua pneu, paa!

“Munapiga kelele tu! Nani kati yenu amewauliza wenyewe wa ile meza?”

Hakuna mutu alikuwa ameuliza. Mi siwezi kukaa na kitu sikijui. Nikapangusa mikono, nikaenda.

Kwa kituo cha afya kuko muuguzi, infirmière mumoja anaitwa Adélaïde. Ni mama wa miaka hamsini hivi, anaongea polepole. Yeye ndiye alipewa kazi ya ile meza. Nikamukuta anapanga dawa.

“Mama Adélaïde, munataka kununua kura?”

Akatazama mikono yangu ya mafuta. Halafu akanitazama mi.

“Kaa chini. Afadhali we umekuja kuuliza. Wengine wanaongea nyuma ya mugongo wangu.”

“Nani analipa?”

“Mashine ni ya kituo. Mi mushahara wangu ni ule ule. Hakuna chama imetupa kitu.”

“Kwa nini siku ya kura? Siku zingine hakuna?”

“Ziko. Kituo kinafunguliwa kila siku. Lakini we, siku gani umekuja hapa?”

Nikafikiri. Sikuwahi.

“Unaona? Wanawake wanakuja na watoto. Wanaume wa garaje naona wakishaanguka, wamebebwa. Siku ya kura wote wanasimama kwa mustari, wanangoja, hawana kazi. Ndiyo maana tunawafuata pale.”

“Shemeji yangu anasema mutaandika majina.”

“Naandika namba ya tension kwa kikaratasi. Kikaratasi unaenda nacho we mwenyewe. Mambo ya chama siulizi. Ukitaka kuniambia, nitakunyamazisha.”

Akarudia kupanga dawa.

“Lakini shemeji yako hana kosa kuogopa. Kitu ya bure siku ya kura inaweza kuvuta mutu. Mi niliomba meza ikae inje ya shule. Wakasema ndani kuna kivuli. Bado siko na roho tulivu.”

Hiyo ilinishangaza. Nilifikiri atatetea kila kitu.

“Na hii tension ni nini hasa?” nikauliza. “Watu wanasema tu, tension, tension.”

“Pneu ikijaa hewa kupita, inakuwaje?”

“Inapasuka.”

“Unaweza kujua kwa macho?”

“Apana. Mpaka manometa ya kupima hewa.”

“Basi. Damu inasukuma ndani ya mishipa. Inaweza kusukuma kupita, na mutu anatembea, anacheka, hasikii kitu. Namba nzuri ni karibu kumi na mbili kwa nane, ile wengine wanaita mia na ishirini kwa themanini. Ikifika kumi na nne kwa tisa, inapaswa kufuatwa. Kwa mwanamuke wa mimba ni hatari zaidi. Anaweza kuanguka degedege. Anaweza kufa, yeye na mutoto.”

Nikasimama.

“Mama Adélaïde, dada yangu anavaa sandale za bwana yake.”

“Namna gani?”

Nikamueleza mimba ya miezi nane. Miguu. Pete. Kichwa. Akaacha dawa zake.

“Mulete leo. Usingoje kura. Akianza kuona nyota kwa macho, ao tumbo kuuma hapa juu, chini ya mbavu, ni kukimbia. Umenisikia?”

Nikarudi mbio. Houda alikuwa anafua.

“Yahaya amesema tungoje kelele ya kura iishe,” akaniambia. “Hataki watu waone muke yake kwa wale waganga. Ni siku mbili tu, Ilias.”

“Kituo si ile meza!”

“Watu ni wale wale. Usinigombanishe na bwana yangu.”

“Basi ukiona nyota kwa macho, unakuja kwangu mbio.”

Nikaenda kwa Yahaya, nikamueleza ile mambo ya pneu na damu. Akaniambia nitengeneze magari, niache muke yake. Nikamujibu vibaya. Hatukusalimiana tena.

Siku ya kura ikafika. Asubui mustari ulikuwa umejaa shule, mpaka inje. Meza ya Adélaïde ilikuwa ndani, karibu na milango ya kuchagulia. Mbele ya meza alisimama kijana mumoja, Audace, anasaidia kupanga watu.

Mi nilikuwa nimeisha kuchagua. Nilikuwa kwa garaje, namalizia gari ya Moïse, mwenyewe anangoja pembeni. Mara Houda akatokea kwa mulango. Amefunika macho na mukono.

“Ilias. Naona nyota. Toka alfajiri.”

Ufunguo ukaniponyoka. Nikamushika mukono, tukavuka barabara. Polepole, sababu hakuweza haraka. Yahaya alikuwa anatoka kuchagua, kidole yake iko na wino mubichi wa kura. Akatuona. Akaanza kuja.

Tukafika mbele ya Audace.

“Onyesha kidole,” akamuambia Houda.

“Kidole ya nini?”

“Wino. Kama umechagua, unapimwa. Kama hujachagua, apana.”

“Jina yangu iko Musaga, kwa mama,” Houda akasema. “Nilijiandikisha mbele ya kuolewa. Siwezi kuchagua hapa.”

“Basi enda uchague Musaga, halafu urudi.”

“We uko na akili?” nikamuambia. “Tazama vile alivyo!”

Yahaya akawa amefika. Akapiga makelele, mustari wote ukageuka.

“Sikusema? Sikusema mi? Hakuna wino, hakuna muganga! Na mutasema hamununui watu! Houda, twende nyumbani!”

Houda akageuka amufuate. Hapo ndiyo niliogopa kweli. Nikapiga kelele: “Mama Adélaïde!”

Adélaïde akasimama, akakuja.

“Audace, nani alikuambia kuuliza wino?”

“Hakuna mutu, mama. Nilifikiri itawapa watu moyo wa kuchagua. Si jambo nzuri?”

“Ni jambo nzuri kuchagua. Ni jambo nzuri kupimwa. Ukifunga moja kwa ingine, umeharibu zote mbili.” Akageukia Yahaya. “Bwana Yahaya, we uko na haki. Hii meza haipaswi kuwa hapa. Naitoa sasa hivi.”

Yahaya alikuwa amefungua mudomo agombane. Akakosa wa kugombana naye.

“Unaipeleka wapi?” akauliza.

Adélaïde akatazama ngambo ya barabara.

“Pale kwenu, kwa garaje. Kama Muzee Mohamadi anakubali.”

Muzee Mohamadi alikuwa kwa mustari. Akajibu kwa sauti: “Ingia! Lakini angalia mafuta chini!”

Mi nikabeba meza. Audace akabeba viti, uso umeinama. Tukaweka meza katikati ya pneu na moteri. Adélaïde akamukalisha Houda.

“Egemea. Miguu chini, usikunje. Mukono hapa juu ya meza. Tunangoja dakika tano, usiongee.”

Yahaya akasimama pembeni, mikono imefungwa. Alikuwa anasikiliza kila neno. Nilijua anangoja lile swali la chama.

Halikukuja. Adélaïde aliuliza mimba iko miezi ngapi. Akauliza kichwa, macho, tumbo. Akafunga kitambaa, akapima. Akapima tena mukono mwingine.

“Kumi na saba kwa kumi na moja,” akasema. Akaandika kwa kikaratasi, akakiweka ndani ya mukono ya Yahaya. “Hii ni yenu. Mi sibaki nayo. Sasa, hospitali. Si kesho. Sasa.”

Yahaya akageuza kile kikaratasi juu na chini. Hakukuwa jina. Hakukuwa chama. Namba tu.

“Kumi na saba… kwa pneu ni nini?” akaniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza aniongeleshe toka siku mbili.

“Inapasuka, shemeji.”

Akawa kama mutu amepigwa maji ya baridi. “Gari iko wapi? Moïse! Frein zako zimerudi?”

“Uliza Ilias!” Moïse akajibu.

“Zimerudi,” nikasema. “Zimepimwa.”

Moïse akawapeleka wote wawili. Adélaïde alikuwa ametuma habari kwa simu, hospitali wakawangoja. Wakamupatia Houda dawa ya kushusha tension na sindano ya kuzuia degedege. Waganga wakasema mimba isiendelee, ni hatari. Kesho yake mutoto akazaliwa, wa kike. Mudogo, kilo mbili na kidogo, lakini sauti yake ilifika inje kwa korido. Houda alibaki siku nyingi analindwa, sababu tension inaweza kupanda hata nyuma ya kuzaa. Polepole ikashuka. Pete ikarudi kwa kidole.

Ile siku ya kura, wakati wao wanaenda, mustari wa pili ulianza mbele ya garaje. Wenye wino walikuja. Wasio na wino walikuja. Kuna mumoja alisema wazi kwamba yeye hachagui mutu mwaka huu. Adélaïde akamuambia, “Mukono juu ya meza, usiongee,” kama wote. Muzee Mohamadi alijigamba eti yeye hana ugonjwa. Akapimwa. Kumi na sita kwa kumi. Akakaa juu ya pneu, akauliza dawa zinapatikana wapi.

Nyuma ya siku chache, wenye kupanga ile kazi wakakutana. Adélaïde alinikokota niende nieleze. Nikaeleza vile ninavyoongea, bila kupamba. Wakakubaliana: meza ya afya isikae tena ndani ya pahali pa kuchagulia. Ikae inje, mbali na mustari. Hakuna nguo ya chama, hakuna picha ya mutu wa kuchaguliwa. Hakuna kuuliza wino wala karata ya kura. Anayetaka anapimwa, asiyetaka anaachwa na amani. Tena isiwe ya siku ya kura peke yake. Sasa kila jumamosi ya kwanza ya mwezi, Adélaïde anakuja garaje. Audace ndiye anabeba mashine. Anauliza watu kitu moja tu: “Umepumuzika?”

Siku Houda alirudi nyumbani, nikaenda kumusalimia. Yahaya alikuwa amemubeba mutoto. Wino wa kidole yake ulikuwa haujaisha, bado kivuli kidogo kwa kucha. Mutoto alikuwa ameshika kile kidole, amekaza, anakataa kuachia.

“Shemeji,” nikamuambia, “we hujapimwa bado.”

“Jumamosi,” akasema. “Nitakuwa wa kwanza.”

Akapimwa kweli, wa kwanza. Mpaka leo sijui Yahaya alimuchagua nani siku ile. Mama Adélaïde naye hajui. Anajua tu namba yake: kumi na tatu kwa nane.