Mkazi wa Nne wa Kaya Ishirini na Saba

Siku ya kugawa vyandarua, mhudumu wa afya alisimama kwenye kibaraza cha ofisi ya Mtaa wa Mabandani, Mbinga mjini, akawa anasoma kaya moja baada ya nyingine kutoka kwenye rejesta ya wakazi. Alipofika kaya namba ishirini na saba akasita kidogo, akatabasamu.

"Kaya ya mwenyekiti wetu. Bernadi Kapinga. Luisa Kapinga. Glorious Aidan. Siwema."

Watu wakaangua kicheko.

"Mwenyekiti, huyu Siwema ni nani tena?" akauliza Ephrasia muuza maandazi, ambaye mdomo wake haukuwa na kizuizi. "Umeongeza jiko kimyakimya, na kanisani unakaa benchi la mbele!"

"Labda ni mbuzi wake," mwingine akadakia. "Na mbuzi naye anaumwa na mbu, jamani."

Bernadi akacheka pamoja nao, huku akihesabu kichwani. Nyumbani kwake walikuwa watatu: yeye, mkewe, na mjukuu wao Glorious, msichana wa miaka saba ambaye wazazi wake walikuwa Songea kikazi. Siwema hakumjua.

Watu walipotawanyika akamfuata Praygod, mtendaji wa mtaa, aliyekuwa anapanga mafaili yake ndani.

"Praygod mwanangu, jina hili nani kaliandika?"

"Mimi, mzee. Kwa barua yako." Akafungua faili, akatoa karatasi iliyojikunja kama jani la mgomba lililokauka. "Wiki ya tatu hii. Niliikuta mezani asubuhi, imelowa chapachapa, nikaianika dirishani. Mhuri ni wako, saini ni yako. Ningekataaje?"

Kweli, mhuri ulikuwa wake. Lakini katikati, kwa mwandiko mwembamba ambao hakuwahi kuuona, palikuwa pameandikwa: Jina, Siwema. Anakotoka, ziwani. Anakoishi, kaya namba 27, kwa mwenyekiti.

Bernadi akainusa. Ilinuka dagaa wabichi wa usipa na matope ya ufukweni, wakati kutoka pale hadi Ziwa Nyasa ni milima mingi ya kushuka.

"Atakuwa mama Aidan kampa mtu," akasema, akimaanisha mkewe. "Unajua wanawake."

Alidanganya, na alijua anadanganya. Tuseme ukweli wote, maana uongo haufukuzi pepo. Kanuni ya mtaa ni nyepesi. Mgeni anakuja mwenyewe na barua ya alikotoka, anakaa mbele ya mwenyekiti, anaulizwa maswali sita, na la mwisho ni kumtaja mtu wa hapo anayemfahamu. Bernadi aliona maswali yale yanapoteza muda. Jumapili baada ya Misa aligonga mihuri kwenye karatasi tupu, akasaini, akazijaza kwenye droo. Mtu akija mbio anapewa moja na kuambiwa, "Kajaze mwenyewe." Watu walimsifu kwamba hana urasimu, wakamchagua mara mbili. Kwa padre alikuwa ameungama hasira, ameungama pombe. Droo ile hakuiungama hata siku moja.

Nyumbani alimkuta Luisa anadeki sebuleni kwa mara ya tatu siku hiyo.

"Baba Aidan, hii sakafu inatoa maji," Luisa akasema kwa sauti ya chini. "Nakausha hapa, inalowa pale. Nimemwita fundi bomba, kasema hakuna bomba linalopita hapa."

"Ni ukungu wa msimu."

"Ukungu unanuka samaki?"

Glorious alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na jiko la mkaa. Wiki nzima hakwenda shule. Zahanati walimpima wakasema malaria hana, ni kifua, wakampa dawa. Lakini kikohozi chenyewe kilikuwa cha ajabu: mtoto akikohoa, yalimtoka maji. Hayakuwa makohozi. Yalikuwa maji meupe, baridi, yenye chembe za mchanga.

Bernadi akachuchumaa, akamgusa nywele. Zilikuwa zimelowa hadi kwenye ngozi.

"Nani kakuogesha, mama?"

"Bibi mgeni," Glorious akanong'ona.

"Bibi mgeni yupi?"

"Anayelala na mimi. Ananifundisha kukaa chini ya maji, babu. Ananishika kichwa, mimi nahesabu. Jana nilifika mia mbili." Akatabasamu kwa uchovu. "Anasema Ijumaa nitakuwa nimezoea. Mtu akizoea hahitaji kupumua."

Luisa akaachia tambara. Siku ile ilikuwa Jumatano.

Alhamisi, saa nane mchana, jua likiwa bado juu ya mashamba ya kahawa, alikuja Mama Gertruda, kiongozi wa Jumuiya ya Mtakatifu Rita, mwanamke mnene wa kuuza mitumba ambaye sala zake zilijulikana mitaa yote. Hakutaka chai. Alivua viatu mlangoni, akakanyaga sakafu, akatazama nyayo zake zilizolowa, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo," kwa sauti ambayo haikuwa ya salamu.

Wakaanza rozari. Fumbo la kwanza likapita, mtoto amelala kimya. Kwenye fumbo la pili mkaa ukazimika jikoni kwa mlio kama wa chuma cha moto kinachotiwa majini, na baridi ikapanda kutoka chini ikawashika vifundo vya miguu, ikapanda magotini, na harufu ya usipa na magugu yaliyooza ikajaa chumba hadi Luisa akaziba pua kwa kanga huku bado anasali, na Glorious akaketi wima bila kusaidiwa, macho yamefumbwa, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mtu mzima aliyekaa muda mrefu bila kuzungumza na mtu.

"Mnanipigia kelele. Mimi ni mkazi."

"Kwa jina la Yesu, toka!" Gertruda akasema.

"Nitoke niende wapi? Kwingine kote niliingia kwa wizi, nikatolewa. Hapa nimekaribishwa. Nina barua."

Rozari ikaning'inia mkononi mwa Gertruda. Akageuka taratibu. "Barua gani?"

Luisa alimtazama mumewe. Bernadi akatazama chini. Neno la kumsingizia mkewe lilikuwa tayari ulimini, limekwisha kutumika mara moja na lilifanya kazi. Ndipo Glorious akakohoa, maji yakamwagika kifuani mwake mengi kuliko yanavyoweza kukaa kwenye kifua cha mtoto.

"Ni mimi," Bernadi akasema. "Jamani, ni mimi. Ilikuwa Alhamisi, nawahi kikao cha parokia. Mtu akabisha nyuma ya uzio, sauti ya kike, akasema yeye mgeni, anaomba barua. Nikachukua moja kwenye droo nikampitishia juu ya uzio. Mkono uliopokea ulikuwa wa baridi kama chura. Sikumtazama. Nilimwambia, kajaze mwenyewe." Akajifuta uso. "Na kwa Praygod nilisema ni wewe uliyempa, Luisa. Nisamehe."

Luisa akamfuta Glorious maji kifuani kwa kanga.

"Angekuwa mume wangu," Gertruda akasema, "ningemcharaza kwa rozari hii hii." Kisha akashusha pumzi. "Sikiliza, mwenyekiti. Mwizi hufukuzwa, mgeni huagwa. Ulimpa barua ya kuingia, sasa mwandikie ya kuhama, na safari hii umuulize yote usiyomuuliza. Mimi nitasali. Kazi ni yako."

Wakamletea karatasi, kalamu na mhuri. Bernadi akakaa kwenye kigoda mbele ya mjukuu wake, akauliza kama kanuni inavyotaka, na sauti ikajibu swali baada ya swali, ya kwamba jina lake Siwema, ya kwamba ametoka kwenye kina kisichofikiwa na wavu, ya kwamba hana kazi ila kungoja; na kila jibu karatasi ilizidi kulowa mkononi mwake, wino ukitanuka, hadi akafika mstari wa anakohamia.

"Rudi ziwani," akasema.

"Ziwa halina mwenyekiti. Nani atanipokea? Nimekaa kule miaka isiyo na idadi bila mtu wa kuniita kwa jina." Sauti ikalainika, ikawa karibu ya kubembeleza. "Andika kijiji chochote, baba. Kaya yoyote yenye watoto. Wenyeviti wenye haraka ni wengi. Hakuna atakayekujua."

Mungu atuhurumie, aliandika. Aliandika herufi mbili za kwanza za kijiji kimoja ambacho hakina haja ya kutajwa, huku akimwona Glorious anavyozidi kuwa mweusi midomoni. Kisha akafikiria kuna babu mwingine huko, naye ana mtoto kwenye mkeka. Akazikata zile herufi kwa mistari miwili.

"Nitakupokea mimi."

"Wewe ni mkazi wa hapa. Ukinipokea hapa, nimebaki."

"Basi nahama na mimi."

"Baba Aidan!" Luisa akapiga ukelele, lakini Gertruda akamshika bega.

Akaandika: Wanaohama ni wawili, Bernadi Kapinga na Siwema. Wanakwenda Mbamba Bay, ufukweni. Akasaini, akagonga mhuri, akasoma kwa sauti huku akiutazama uso ule bila kupepesa. Glorious akavuta pumzi ndefu, ya kwanza kavu kwa wiki nzima, akaanguka mkekani, akaanza kulia kilio cha mtoto wa kawaida. Ile baridi ikamwacha. Ikazunguka kigoda, ikasimama mgongoni kwa Bernadi.

Kesho yake Bernadi alipanda gari la asubuhi la kushuka ziwani. Lilikuwa limejaa, wengine wamesimama, lakini kiti cha kando yake hakuna aliyekikalia. Mama mmoja alikigusa kwa mkono, akaurudisha haraka na kuufuta kwenye kitenge. Walipomaliza kushuka milima, maji ya buluu yametanda mbele, Luisa akampigia simu.

"Amekula. Kaomba ugali mara ya pili. Sakafu imekauka yote."

"Mungu ni mwema."

"Umalize, urudi," Luisa akasema, kisha sauti ikakatika. Na ilikuwa Ijumaa.

Mwenyekiti wa pale ufukweni aliitwa Joakim, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa nyavu. Alikuwa kwenye kichumba cha bati kinachotazama mitumbwi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa." Joakim akaisoma barua hadi mwisho, akairudia. "Hapa mko wawili. Mimi namwona mmoja."

Ingekuwa rahisi. Bernadi alijua mtu wa kazi hii anavyochoka Ijumaa, anavyoweza kusema haya, leta, nigonge. Akaweka kiganja juu ya barua.

"Usigonge, mzee, mpaka umwone." Akamweleza yote, hakubakiza.

Joakim hakucheka. Watu wa ufukweni hawachekei mambo ya majini. Alifuta miwani kwa ncha ya shati, akaivaa, akatazama mlangoni, nyuma ya Bernadi.

"Hapa hatuandiki mtu kwa kusimuliwa. Mama, ingia."

Bernadi hakuthubutu kugeuka. Alisikia matone yakidondoka kwenye saruji, moja, moja, yakisogea. Alimwona Joakim anavyokodoa macho, na hata hivyo mzee yule akauliza. Jina? Umetoka wapi? Kazi? Sauti ile ile ikajibu, sasa bila kinywa cha mtoto, karibu sana na sikio la Bernadi. Joakim akafika swali la sita.

"Nani anakufahamu hapa?"

Nje wavuvi walikuwa wakitaniana, mtu akapiga mluzi. Joakim akangoja kama mtu anayengoja samaki, hana haraka, wala hakuyaondoa macho yake.

"Hakuna? Basi, mama, sina pa kukuandika. Nakuomba utoke."

Matone yakarudi nyuma, yakavuka kizingiti. Mbwa wakabweka kwa mfululizo kuelekea majini, kisha wakanyamaza kwa pamoja. Harufu ikaisha. Bernadi akajikuta analia, anafanya ishara ya msalaba mara tatu, nne, hajui aachie wapi.

"Mzee, umeniokoa. Nataka gari la jioni, niwahi nyumbani."

"Utarudi. Ila barua yako mwenyewe imekutoa Mbinga." Joakim akafungua rejesta. "Ukirudi hivi hivi umeivunja, na yule atarudi na wewe. Nikuandike kwanza hapa, kisha nikuandikie ya kukurudisha. Kanuni ni moja kwa wote. Jina?"

"Bernadi Kapinga."

"Umetoka wapi?"

"Mbinga mjini, Mabandani."

Yakapita la tatu, la nne, la tano, Bernadi akijibu haraka, karibu kwa furaha.

"Nani anakufahamu hapa?"

Bernadi akafungua kinywa. Akawaza wauza samaki wanaopanda kutoka huku hadi Mbinga. Hakuna aliyewahi kuulizana naye jina. Akawaza ndugu, wote wako milimani. Akamtazama Joakim, na Joakim, ambaye hakupenda anachokifanya lakini hakuwahi kuandika uongo kwenye kitabu kile, akangoja.

Upande wa dirisha, kule kwenye maji, mtu akabisha hodi.

"Huyo namfahamu mimi," ikasema ile sauti. "Anaishi kwangu."