Mkanda wa Kiti cha Pili

Hebu fikirini gereji yenye giza hata mchana, na ndani yake gari jekundu la spoti, la viti viwili. Rafiki yangu fundi alikwenda kumkadiria shemeji yake, aliyetaka kulinunua, bei ya haki.

"Mbona nusu bei, kaka? Linaumwa nini?"

"Hata mafua halina," muuzaji akacheka. "Ingia ulisikilize."

Fundi husikiliza injini akiwa amejifungia, vioo vyote juu. Alipoizima, mlango uligoma kufunguka. Akapiga kioo, lakini muuzaji alikuwa ameshatoka na kufunga gereji. Katika kimya kile, mkanda wa kiti cha pili ulijivuta polepole, ukajifunga: ka.

Wanangu, naomba mkumbuke jambo moja tu. Mkanda ule haukulala kitini. Ulituna mbele, ukipanda na kushuka taratibu.