Huyu ni Nani, Eloy?

Maji yalimwagwa kutoka ghorofa ya tatu, ndoo nzima, yakawapata wawili wasio na habari. Watu wa Mtaa wa Pelayo walikuwa wakiimba "Maji! Maji!" huku wametazama juu, kama wafanyavyo kila kiangazi sherehe ya Chueca, mtaa wa wapenzi wa jinsia moja jijini Madrid, ikipamba moto, na jirani mmoja mwenye roshani akawahurumia. Eloy alivua miwani, akaifuta kwa shati lililolowa chapachapa. Alipoivaa tena, mbele yake alisimama mwanamume mwenye kifua kipana na mvi kidogo kando ya masikio, fulana ya njano imemganda mwilini.

"Ni wewe uliyekuwa unaomba maji?" yule bwana akauliza.

"Mimi? Nilikuwa napita zangu kununua mkate!"

"Basi umepata na supu yake."

Eloy alicheka mpaka akashika ukuta. Ndivyo alivyojuana na Gorka, fundi wa treni kutoka Bilbao, na tangu siku ile moyo wake haukutulia.

Mwaka ukapita kwa safari na simu. Karibu kila Ijumaa Eloy alifunga duka lake la miwani mapema, akapanda treni kwenda kaskazini. Siku nyingine walishinda kwenye simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Nakula nikikuwaza, ndiyo maana nanenepa."

"Unanenepeshwa na chokoleti, usinisingizie!"

Sasa Gorka alikuwa amepewa nafasi ya kuhamia karakana ya Madrid mwezi wa tisa, na Jumatatu alitakiwa kutoa jibu. Alisema atakuja kwanza kwenye sherehe, awaone marafiki wa Eloy, ndipo aamue. Eloy alinyoosha shati lake la buluu mara mbili asubuhi ya sherehe.

Walifika uwanja wa sherehe jioni, jua bado linachoma. Marafiki walikuwa wamejaa kwenye meza moja ndefu: Casilda, mama wa miaka sabini aliyevaa gauni la zambarau, akijipepea kwa kipepeo chekundu; Nacho, sketi yake inameremeta kila akijigeuza; na wengine watano hivi, wakigombania sahani ya viazi vya mayai.

"Huyu ni nani, Eloy?" Casilda akauliza.

"Huyu... huyu ni Gorka. Rafiki yangu."

Jamani, Eloy! Mtu mzima uko Chueca, wanaume wamekumbatiana kila kona na hakuna anayegeuza shingo, halafu unasema rafiki! Wale wenzake waliinuka mmoja mmoja, wakampa mgeni mabusu mawili ya mashavuni, wakarudia bia zao. Gorka alitabasamu kwa adabu tu. Baada ya muda akasema anakwenda kununua barafu, na hakurudi.

Eloy akapiga simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Ala! Sasa nimekuwa mpenzi. Mezani nilikuwa rafiki."

"Imenitoka tu, Gorka."

"Ulikuwa unamficha nani? Hata yule mama wa kipepeo amekaa na mke wake!"

"Baba yangu nilimwambia rafiki. Mwenye nyumba, rafiki. Wateja, rafiki. Nimelisema neno hilo tangu nikiwa kijana, mdomo umelizoea. Sikuonei haya, naapa. Niliogopa."

"Mimi je? Niache nyumba, niache kazi niliyoizoea, nimwache mama, nije Madrid kuwa rafiki wa mtu?"

Muziki uleule uliokuwa uwanjani ulisikika pia ndani ya simu, kwa hiyo hakuwa mbali. Eloy akapenya katikati ya watu, akamkuta ameketi kizingitini pa duka la viatu, macho mekundu.

"Simama twende."

"Wapi?"

"Twende tu, nakuomba."

Walipofika mezani, Eloy hakuketi.

"Simameni wote!"

"Kuna nini, polisi?" Casilda akashtuka.

"Nimemtambulisha mtu vibaya. Tunaanza upya." Akamsogeza Gorka mbele. "Huyu ni Gorka. Ni mpenzi wangu, mwaka sasa. Nampenda sana."

"Kumbe!" Nacho akaruka. "Na wewe unatuambia unafuata samaki Bilbao! Mwongo mkubwa!"

Wakainuka tena, huku wakilalamikia miguu, na mabusu yakaanza upya. Safari hii hakuna aliyeharakisha. Casilda alimshika Gorka uso kwa mikono yote miwili, akamwachia rangi ya mdomo kwenye mashavu. Eloy alisimama pembeni, akiwaza lile jibu la Jumatatu.

"Haya mwanangu," Casilda akasema, "wewe unaishi wapi?"

"Bilbao." Gorka alimtafuta Eloy kwa macho, akamvuta karibu, akamshika mkono mbele yao wote. "Mpaka mwezi wa tisa."