Ndwiga Alimpita Nkirote

"Ni huyu!" Ndwiga akashika mkono wa msichana wa tatu.

Wasichana walikuwa wamepangwa uani, wamefunikwa leso kutoka kichwani, bwana achague wake, ndiyo desturi ya posa. Leso ikafunuliwa. Kumbe ni Felicitas, binamu ya bibi harusi!

"Shemeji, mimi niko na wangu! Leta mbuzi ya faini!"

Wamama wakapiga vigelegele. Nilicheka pia, lakini roho iliniuma. Siku yangu, hapa hapa Meru, marehemu mume wangu Muthamia alinijua kwa nyufa za visigino tu. Mungu amlaze pema. Na huyu kijana wa Manyatta amempita binti yangu Nkirote kama mgeni!

Nkirote alikimbilia jikoni, nikamfuata. Simu ikalia, ujumbe wa Ndwiga, akanisomea huku analia:

"Ulijificha makusudi nikukose. Kama hunitaki, sema kabla wazee hawajakula."

"Mama, ameniacha."

"Mwite umwambie ukweli. Nilikuuguza kule Majimbo, Embu, nikanyamaza kwa sababu uliniomba. Lakini ndoa haianzi na uongo."

Ndwiga akaingia, kofia mkononi.

"Wewe husimama umeinamisha bega," akasema. "Hilo ndilo nilikuwa natafuta. Leo umesimama wima kama askari. Na tangu Aprili ni simu tu, hutaki tuonane. Kuna nani?"

"Hakuna mtu. Nilizaliwa na titi moja halijaumbika sawa, jembamba, limeelekea chini. Tangu usichana naweka kitambaa kwa sidiria, nainama lisionekane. Ile semina ya Embu haikuwa semina. Nilifanyiwa upasuaji, daktari akalirekebisha umbo. Niliogopa ukijua utanikataa."

Chai ikafurika motoni. Sikuigusa.

"Uliumia?"

"Kiasi. Mama alikuwako."

"Kwa hivyo kuinama kulikuwa kwa hiyo tu?"

"Ulidhani ni nini?"

Akatazama viatu vyake.

"Mimi ni mfupi, Nkirote. Nilidhani unajishusha ndio watu wasinicheke. Nikitembea na wewe nilikuwa nashukuru Mungu kimoyomoyo."

Nkirote akacheka na machozi yake.

"Sijawahi ona ufupi wako."

"Sasa utauona."

"Basi niiname?"

"Usithubutu! Nitakuwa naangalia juu."

Wakatoka kwa wazee wameshikana mikono, msichana wangu wima, kichwa cha Ndwiga kikimfikia sikioni.