Ongeza, Usimwage

Jua lilikuwa linaaga pale Fundi alipojipenyeza chini ya pikapu ya marehemu baba yake, mgongo juu ya kipande cha boksi, spana mkononi na mluzi mdomoni. Kesho yake alitaka kumpeleka mama yake kwa dada yake mama, ng'ambo ya milima, na pikapu yenyewe ilikuwa na nongwa. Gia zake ni otomatiki, imeshakula kilomita zaidi ya laki nne, na siku hizi ukikanyaga mafuta gia inakawia, inawaza, halafu inaingia kwa kishindo. Kwenye miteremko ile kosa dogo tu ni msiba. Na katika dunia hii Fundi alibakiwa na mama peke yake.

Mafuta ya giaboksi hayakuwahi kumwagwa. Mzee alikuwa na msimamo wake: "Ongeza, usimwage." Yakipungua, tia kidogo kwa juu. Ya chini usiyaguse. Mafundi wengi wa zamani husema vivyo hivyo, kwamba giaboksi kuukuu imeshayazoea mafuta yake, ukiyatoa yote inagoma. Fundi aliona huo ni ubahili tu unaojifanya hekima. Sasa mzee yuko udongoni, na mwenye spana ni yeye.

Dirisha lilikuwa wazi. Ndani, mama alikuwa kwenye cherehani, anamshonea dada yake mapazia.

Tak-tak-tak-tak.

"Kichuguu!" mama aliita. Jina hilo alilitumia mama peke yake, kwa vile kichwa cha mwanawe kilivyochongoka alipozaliwa. "Giza hilo linaingia."

"Nakaribia, mama! We shona huko, nami nashona huku chini."

Alilegeza moja moja nati za sampo, lile bakuli la chuma chini ya giaboksi. Mafuta yakamwagika kwenye karai, meusi, mazito. Alisubiri harufu ya kuungua, maana mafuta ya umri ule lazima yanuke.

Yalinukia nguo iliyotoka kupigwa pasi.

Alijinusa mikono, akajicheka, akaishusha sampo. Kwenye kitako chake hukaa sumaku ndogo ya kunasa unga wa chuma unaosagika kwenye gia. Unga ulikuwepo. Lakini juu ya unga kulikuwa na nywele. Ndefu, nyeupe, laini, zimejizungusha pale...

Sumaku hainasi nywele.

Alizibana kwa kitambaa, akazivuta.

"Aii!" mama alipiga kelele ndani.

"Nini, mama?"

"Kichwa... kama mtu kaninyofoa. Basi, imepita."

Fundi aliganda pale chini, kitambaa mkononi. Angeacha hapohapo, huenda mambo yangekuwa mengine. Lakini jirani yao, Seremala, akachungulia na ndoo. Alikuwa anasimamisha nguzo mpya za uzio wake, zile za kwanza ziliishia tumboni mwa mchwa, na hakuna dawa ya mchwa kama mafuta machafu.

"Hayo unayatupa, au niyachukue?"

"Chukua yote, mzee wangu. Unaniondolea uchafu."

Muda si mrefu Fundi akasikia brashi ikipaka mbao upande wa pili. Akarudi kazini. Alibadilisha chujio, akafunga sampo, akamimina mafuta mapya mekundu kwa chupa iliyokatwa kitako. Mwingine angeishia hapo. Ila sampo hutoa sehemu tu, mengine hujificha ndani kabisa, na Fundi hakuwa mtu wa kazi nusunusu. Akachomoa bomba lipelekalo mafuta kwenye rejeta yakapoe, akalielekeza kwenye dumu, akawasha injini ili giaboksi iyatapike yenyewe. Meusi yakawa yanatoka, naye anaongeza mapya juu.

Tak-tak... tak.

"Uzi umekatika, mama?"

Tak...

Kwenye bomba, wekundu ukaanza kuonekana. Safi. Kama yalivyotoka dukani.

Cherehani ikanyamaza.

Fundi alizima injini, akaingia ndani mbio. Mama alikuwa ameketi vilevile, mkono juu ya pazia, lakini mkono wenyewe ulikuwa baridi kama sakafu. Nyama za mashavu zilikuwa zimezama. Macho tu ndiyo yaliyobaki hai, na yalimtazama kwa huruma.

"Umeyamwaga," alinong'ona.

"Mama, unaumwa wapi? Mama!"

"Baba yako alinitoa huko... kwa gari hilo. Ulikuwa hujaanza kutambaa. Niliondoka nimelazwa nyuma, nimefunikwa shuka. Nikarudi nimekaa mbele."

"Alikutoa wapi?"



"Rudisha, Kichuguu. Rudisha yote..."

Alitoka anapepesuka. Alifungua sampo, mafuta mapya yakamwagikia mchangani, hakujali. Alifunga tena, akarudisha bomba, akainua dumu na kuyamimina yale meusi huku analia waziwazi kama mtoto. Dumu likaisha. Hayakutosha.

Ndoo!

"Mafuta yangu!" alimpigia kelele Seremala. "Nirudishie mafuta yangu!"

Seremala alimwonyesha ndoo kavu. "Nimeyakomba hadi tone la mwisho, mwanangu. Mbao zilikuwa na kiu, zimeyanywa palepale."

Nguzo zilisimama zimekolea weusi. Fundi alizipapasa. Kiganja kilitoka kikavu.

Giaboksi haiendi nusu. Palipopungua alijazia mapya, akawasha injini, akaweka gia. Iliingia kwa ulaini ambao hakuwahi kuusikia kwenye gari lile.

Tak.

Tak-tak-tak-tak.

Alikaa chini, mgongo kwenye tairi, akamshukuru Mungu hadi sauti ikakauka. Mama alijitokeza mlangoni, mashavu yamejaa, pazia begani kama kanga, anatabasamu vizuri sana. Kama mtu anavyomtabasamia mteja.

"Pole na kazi, fundi," alisema. "Giza limeingia. Mama yako hatapata wasiwasi huko nyumbani?"

Safari ya milimani haikufanyika. Dada mtu ndiye aliyekuja, na mama alimjua, akamkumbatia, akamuuliza habari za kila mtu kwa jina. Alipoulizwa kuhusu mwanawe alicheka kwa haya. Hakujaliwa mtoto, alisema. Ana fundi tu, kijana mwema, analala chumba cha nyuma.

Kila jioni, jua likizama, Fundi huenda kuketi kando ya uzio wa Seremala. Seremala hamuulizi kitu. Naye ameshasikia, na mbwa wake hapiti tena upande ule.

"Kichuguu..." husema nguzo. "Giza hilo linaingia."

"Naam, mama. Nakaribia."

Hapo cherehani husimama, na kichwa cheupe huchungulia dirishani.

"Fundi, unaongea na nani huko?"

Jana sauti ilikuwa hafifu, ikabidi aegemeze sikio. Alimulika chini kwa tochi. Kwenye nguzo ya pembeni, mstari mwembamba wa udongo mbichi ulikuwa unapanda kutoka ardhini. Mchwa. Aliufuta kwa kidole, akapakaza mafuta mapya, chupa nzima.

Leo asubuhi ulikuwa umerudi, na umefika kiunoni.