Mahabusu Aliyekula Mchana

Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, Jumanne tarehe 8 Oktoba 1974, Konstebo Dunstan alifungua komeo la chumba cha mahabusu katika kituo kidogo cha polisi cha Kwamsembe, wilaya ya Handeni. Alimwita aliyekuwa ndani mara tatu bila kujibiwa. Akaingia, akamshika bega amgeuze, naye akageuka mzima mzima, mikono na magoti pamoja, kama ubao. Alikuwa Kibwana, mkulima wa miaka arobaini na miwili, aliyeletwa pale siku iliyotangulia kwa kosa la kukataa kuhamia kijiji cha ujamaa.

Dunstan alikuwa na miezi saba tu kazini, na bado aliamini kila alichofundishwa chuoni. Hakwenda kumwambia mkuu wake. Alikwenda moja kwa moja kwenye redio, akatoa taarifa mkoani kwamba mahabusu amefia kituoni. Mkoani wakaamuru ofisa kutoka wilaya nyingine aje kuchunguza.

Saa tano kasorobo Inspekta Bonaventura wa Korogwe aliteremka kwenye pikipiki yake, mwekundu kwa vumbi kuanzia kofia hadi viatu. Alikuwa mtu mnene, mpole, mpenda chakula. Baba yake alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge, naye mwenyewe alizaliwa kambini na sasa alikuwa na nyumba yake Masuguru. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka bila hata chai, na jambo hilo lilimuuma kuliko barabara.

Sajini Stefano, mkuu wa kituo, alimpigia saluti na kumpa kiti.

"Malaria, afande," alisema. "Jambo la Mungu."

"Maiti iko wapi?"

"Nimewakabidhi ndugu tangu saa mbili. Watazika saa saba, wakishaswali adhuhuri."

"Kabla daktari hajaiona?"

"Nilimhurumia mjane, afande."

Bonaventura alivuta kitabu cha matukio ya kituo, akasoma ukurasa wa Jumatatu. Saa 3.15 asubuhi: Kibwana ameingizwa, analalamika mbavu, anasema alipigwa na Athuman. Saa 7.00 mchana: amekula ugali na maharage, hali nzuri, zamu ya Konstebo Dunstan. Saa 12.30 jioni: ana homa, amepewa klorokwini. Kisha Jumanne, saa 11.30 alfajiri: ameongea na Sajini Stefano, ameomba maji.

"Zahanati iko mbali?"

"Hapo tu, afande. Hatua mia nne. Lakini homa ya kawaida, nani angejua?"

Inspekta alifunga kitabu. Tumbo lake likanguruma mpaka sajini akalisikia.

"Hapa mtu anapata wapi chakula?"

Stefano akacheka. "Umekuja mwezi mbaya, afande. Leo Ramadhani ya ishirini na moja. Kijiji kizima hutaona moshi mpaka jua lizame. Kituo chenyewe hakina jiko, mahabusu huletewa chakula na ndugu zao. Hata sisi tusiofunga tunafunga kwa lazima."

Bonaventura alisikitika kwa dhati. Akaingia kwenye redio, akaomba Korogwe wamletee daktari pamoja na hati ya hakimu ya kuchunguza maiti. Jibu lilikuwa kwamba gari haliwezi kufika kabla ya saa tisa.

Akamwita Dunstan nyuma ya kituo, mahali ambapo sajini hasikii.

"Kitabu kinasema jana mchana ulikuwa zamu."

"Hapana, afande. Saa nne Sajini alinituma Handeni na barua, kwa baiskeli. Nilirudi saa kumi na mbili jioni." Alitoa mfukoni daftari la kupokelea barua. Palikuwa na mhuri na sahihi: tarehe 7 Oktoba, saa nane mchana.

"Uliporudi ulimwona mahabusu?"

"Sajini alisema ana homa, amelala, nisimsumbue. Funguo alikaa nazo mwenyewe. Na usiku akasema atalinda yeye, niende nikalale. Tangu nije hapa hajawahi kulinda usiku. Kanirudishia funguo asubuhi, saa kumi na mbili kamili."

"Ukamkuta vipi?"

"Mkavu, afande. Nilimshika bega tu, akaja mzima mzima."

Inspekta aliandika neno hilo na kulipigia mstari. Dunstan akainamisha kichwa.

"Sajini ameniambia nikubali kwamba nilikuwa zamu na nilifanya uzembe. Nikikubali nitahamishwa tu. Nikikataa itaitwa mauaji, na konstebo asiye na mtu mkubwa wa kumsemea ndiye atakayenyongwa."

"Na wewe umeamuaje?"

"Sijaamua, afande. Naogopa."

"Uoga hauna kosa. Ila usitie sahihi karatasi yoyote mpaka nirudi."

Saa sita kasorobo alifika msibani, kwa ndugu za marehemu pale kijijini. Mwanaidi, mjane, alikuwa ameketi mkekani na wanawake wenzake, macho yamevimba. Bonaventura alichuchumaa mbele yake, kazi isiyo ndogo kwa mwili ule.

"Pole sana, mama. Mumeo alikuwa na homa jana alipoondoka?"

"Hakuwa na homa. Alitembea mwendo wa saa mbili na jembe begani, na Athuman na yule askari kijana."

"Athuman alimpiga?"

Mwanamume mmoja aliyekuwa karibu akasimama. Ndiye Athuman, balozi wa nyumba kumi.

"Niulize mimi, afande. Jumapili nilimfuata kule tulikohama, kwenye mahame yetu, nikamwambia ahame, akanitukana. Nilimpiga kofi, naye akanipiga mbili. Jioni tukafuturu sahani moja. Ni mtoto wa baba yangu mdogo huyo. Ukitaka kunifunga kwa kofi, nifunge."

Mwanaidi akaitikia kwa kichwa. "Ni kweli walifuturu pamoja, mimi ndiye niliyewapakulia. Na jana jioni nikampelekea futari kituoni, uji na viazi. Sajini akaipokea mlangoni. Akanikataza kumwona. Asubuhi nikarudishiwa bakuli tupu, nikajua angalau alikula."

"Alikuwa amefunga?"

"Kibwana? Huyo hata akiugua hafungui mpaka jua lizame."

Inspekta akafungua tena daftari alimonakili kitabu cha kituo. Akasoma mstari wa pili, akausoma tena. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alisahau njaa.

Mzee Mdoe, muosha maiti wa kijiji, alikuwa ananawa mikono uani. Bonaventura akamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Najua unachotaka, nami sitakwambia. Muosha hasemi alichokiona kwenye mwili wa mtu. Nimeosha watu miaka thelathini, sijatoa siri ya hata mmoja."

"Sikuulizi siri, mzee."

Mzee Mdoe alijifuta mikono polepole. "Baba yako kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Basi wewe ni mtani wetu sisi Wazigua." Akamtazama usoni. "Mtani ana haki zake msibani. Kama unalo jambo la kuzuia, zuia. Mimi sijasema kitu."

Hapo Bonaventura alikuwa na shida ya kweli. Hati ilikuwa bado njiani. Kuwazuia watu wasizike kwa amri ya polisi, na marehemu amefia mikononi mwa polisi, kungewasha moto, na huenda angezikwa yeye. Lakini mwili ukishaingia ardhini, malaria ndiyo ingebaki kuwa jibu, au shingo ya Dunstan.

Saa saba na robo jeneza lilifika makaburini. Wabebaji wakakuta kaburi lina mtu. Inspekta wa polisi alikuwa amelala chali chini, kofia kifuani.

"Nani huyo?" aliuliza mmoja.

"Mnyamwezi," sauti ilitoka chini. "Babu zenu Wazigua walinikamata njiani nikipeleka pembe pwani. Mlinitoza hongo mpaka nikafika Saadani sina nguo. Leo sitoki. Leteni jogoo."

Mzee mmoja akacheka, na wengine wakafuata, wale wale waliokuwa wanalia. Mtani alikuwa amefika.

"Mbeba mizigo wewe, umenenepa hivyo kwa chakula cha nani? Toka, kaburi litapasuka."

Wakaleta jogoo. Akasema ni mwembamba. Wakaleta wa pili, akasema huyo ana makengeza. Sajini Stefano, aliyesimama nyuma, alianza kutoka jasho. "Afande, hii ni aibu kwa jeshi," alisema. Wazee wakamkemea, wakamwambia mambo ya utani si ya serikali.

Ilipofika saa nane na nusu kicheko kilianza kuisha. Bonaventura akasimama ndani ya kaburi, vumbi mgongoni, akavua utani.

"Wazee wangu, nimewachezea, nisameheni. Daktari yuko njiani na hati ya hakimu. Ndugu yenu hakufa kwa malaria, nami siwezi kuthibitisha bila mwili wake. Nikiwaamuru mtaona ni polisi yule yule. Kwa hiyo nawaomba. Mama Mwanaidi akikataa, natoka sasa hivi, mzikeni."

Wanaume wakatazamana. Athuman akatumwa kwa mjane, maana wanawake walibaki nyumbani. Alirudi anahema.

"Anasema daktari aangalie. Anasema atamzika hata jioni, mradi ajue."

Mzee Mdoe akamnyoshea inspekta mkono kumtoa shimoni. Walihitajika wanaume wanne.

Daktari Hiza alifika saa tisa na dakika kumi na Landrova ya hospitali. Walizungushia mikeka, akafanya kazi yake kwa nusu saa. Alipotoka alimvuta inspekta pembeni.

"Mbavu mbili zimevunjika upande wa kushoto, na bandama imepasuka. Watu wa bonde hili wanaugua malaria tangu utotoni, bandama zao huvimba. Pigo moja kubwa linatosha. Ameumizwa na kitu kizito, chenye ukingo."

"Si kofi la Jumapili?"

"Mtu wa namna hii hatembei saa mbili na jembe begani."

"Na saa kumi na moja na nusu alfajiri angeweza kuomba maji?"

"Nusu saa baadaye unasema alikuwa mkavu mwili mzima? Hapana. Alikufa jana, mchana au mapema jioni."

Kibwana alizikwa saa kumi jioni, kwa heshima zote. Saa kumi na moja Bonaventura aliwakusanya kituoni Dunstan, Athuman, Mwanaidi na Daktari Hiza. Sajini Stefano alikuwa mezani pake, kitabu mbele yake.

"Sajini," alisema inspekta, "jana saa saba nani alipika ugali?"

"Ugali gani?"

"Huu ulioandika. Mwenyewe umeniambia kituo hakina jiko na kijiji hakipiki mchana. Mkewe alileta chakula jioni tu. Marehemu alikuwa amefunga. Sasa ulitoka wapi, na aliyekula ni nani?"

Stefano alilamba midomo. "Tunaandika hivyo kila siku, afande. Ni mazoea. Labda Dunstan aliniambia..."

"Dunstan saa nane alikuwa Handeni, ana mhuri. Uliandika ugali kwa sababu wewe hufungi. Ulitaka mtu aonekane hai mchana, ukasahau kuwa ni mwezi gani. Ukataka aonekane hai alfajiri pia, na mkono huu wa Dunstan ulimkuta mkavu. Funguo ulikuwa nazo wewe peke yako. Futari ya mjane uliila wewe."

Mwanaidi alitoa sauti ndogo. Hiyo ndiyo iliyomshinda Stefano kuliko hoja zote. Alijifunika uso.

"Ijumaa walikuwa wanakuja wageni wakubwa," alisema. "Nilikuwa nimeahidi hatabaki mtu kwenye mahame. Nilitaka aniambie wale wengine watatu waliokataa kuhama wamejificha wapi. Hakusema. Nilimpiga kwa kitako cha bunduki mara mbili, saa sita. Akakaa chini, akaniomba maji ya kutawadha. Nikaona ananidharau, nikafunga mlango. Saa tisa nilipofungua alikuwa amekwisha. Sikutaka kumwua, afande. Naapa."

"Nakuamini," alisema Bonaventura, naye alimwamini kweli. "Hilo utalisema mbele ya jaji. Konstebo Dunstan, mchukue."

Dunstan alimfunga pingu mkuu wake kwa utaratibu, bila kumbana.

Miezi iliyofuata haikuwa rahisi. Mkubwa mmoja alipiga simu Korogwe kushauri kwamba Stefano ahamishwe tu, kimya kimya. Kijijini, kwa upande wao, walitaka anyongwe. Bonaventura aliandika jalada lake vile vile lilivyokuwa, bila kuongeza kitu wala kupunguza, akalipeleka.

Kesi ilisikilizwa Julai 1975. Jaji aliwauliza wazee wa baraza maoni yao, kisha akasoma hukumu. Alisema mshtakiwa hakujua habari ya bandama na hakukusudia kuua, kwa hiyo si mauaji. Kwa pigo alimpa miaka minne.

"Lakini kati ya saa sita na saa tisa," aliendelea, "zahanati ilikuwa hatua mia nne. Mtu aliyefungiwa mlango hawezi kujiendea mwenyewe. Ana miguu ya aliyeshika funguo tu. Kwa saa hizo tatu nakupa miaka minane. Na kwa kutaka mwenzako abebe kosa lako, miaka miwili juu yake."

Nje ya mahakama Dunstan alimwamkia mjane kwa shikamoo. Mwanaidi akamshika mkono, akamwita mwanangu. Bonaventura aliwasogelea, kofia mkononi.

"Mama, umeridhika? Wengine wanasema miaka kumi na minne ni michache."

Mwanaidi alikuwa mtulivu, hata uso wake ulikuwa umenawiri.

"Nimeridhika, mtani. Nina watoto watatu. Walikuwa waambiwe baba yao aliondoka na homa. Sasa wakiniuliza nina jina la mtu, na nina idadi ya miaka. Nitawaambia serikali ilimfunga mtu wake mwenyewe kwa ajili ya Kibwana, mkulima, mkaidi. Hata yeye asingeamini."