Kitone cha Buluu

Mama Kufuli alikuwa akimenya vitunguu wakati simu yake, iliyolala mezani kati ya bisibisi na tupa, ilipowaka yenyewe na kusema kwa sauti laini ya kike: "Umefika."

"Nimefika wapi, mwanaharamu we?" alijibu bila kugeuka. "Niko kwangu tangu asubuhi!"

Msimshangae. Mtu, mlango, paka wa jirani, wote aliwagombeza kwa kipimo kimoja. Wala hakuwa mama wa mtu. Jina alibandikwa na wateja, maana alikuwa fundi wa vitasa na makufuli, na mjini pale hakuna mwanamume aliyemfikia. Ufunguo ukivunjikia mlangoni, anaitwa yeye. Mwanamke akiachana na mtu na ufunguo ukabaki kwa huyo mtu, anaitwa yeye mbio mbio, na usiku mwanamke analala usingizi.

Alikuwa na mwiko mmoja kazini, na mwiko huo ndio uliomponza. Hakugusa kitasa mpaka ataje mwenyewe kwa sauti: mlango upi huu, wa nani, na ndani anaishi nani. Bosi aliyemfundisha kazi alimtia adabu hiyo kwa makofi, kwa sababu fundi asiyetaja mlango siku moja atamfungulia mwizi. Mwisho ulimi wake ukazoea. Akiulizwa habari ya mlango, ulimi unajibu kabla kichwa hakijafikiri.

Ulikuwepo mlango mmoja tu asioutaja kwa mtu, hata kwa mama yake mzazi, nao ni wa chumba cha ndani cha nyumba yake mwenyewe. Humo alijificha mdogo wake na kichanga chake cha kike. Walifika wamejifunika gubigubi, mdogo mtu taya limevimba, hawezi kutafuna hata mkate. Mumewe alikuwa mtu wa watu: tabasamu, manukato, shikamoo kwa kila mzee. Mlango ukifungwa, ngumi. Na siku ya mwisho alimwambia mkewe taratibu, kama anayemwelekeza duka: "Ondoka ukitaka. Nitakutafuta. Siku nikikupata sipigi tena, namaliza."

"Hakupati," Mama Kufuli aliapa. "Labda niwe nimekufa." Alitia vitasa vitatu mlango wa mbele na komeo la chuma mlango wa nyuma. Simu ya mdogo wake aliitumbukiza chooni kwa mkono wake mwenyewe.

Yake hakuifikiria. Na yake ndiyo iliyokuwa na ramani. Ramani ile ilimfikisha kwa wateja hadi mlangoni, vichochoro vyote inavijua, bure, haichoki wala hainung'uniki. Siku alipoiweka ilimletea maandishi marefu, madogo madogo, na chini yake neno moja kubwa: Ruhusu. Alilibonyeza kama mtu anayefukuza nzi. Nani anasoma yale? Wewe ulisoma?

Basi, baada ya ile "umefika", yakaanza matangazo. Yuko kazini, amepiga magoti mbele ya mlango wa watu, simu inalia kidogo: nepi za mtoto mchanga, bei nafuu, karibu nawe. Yeye ambaye hajawahi kununua nepi maishani mwake! Akasonya akafuta. Kesho yake, dawa ya maumivu ya taya, karibu nawe. Hapo bisibisi ilimponyoka, maana habari ya taya ilikuwa imesemwa mle chumbani tu, tena kwa kunong'ona.

Jioni hiyo mdogo wake alimsubiri jikoni na mtoto kifuani.

"Dada, huwa unarudi mchana unaingia chumbani kwangu?"

"Mchana niko kazini, we mtoto. Kwa nini?"

"Kuna mtu anapita." Sauti yake haikuvuka meza. "Anaanzia sebuleni. Anasimama. Anaingia kwako, anasimama. Halafu anakuja kwangu. Simwoni. Nasikia hatua, na harufu, kama waya unaungua na kitu kitamu kimeoza. Nilidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Lakini mtoto anamfuata kwa macho, dada. Anamfuata mpaka hapa, kando ya mto."

Mama Kufuli hakucheka. Aliichukua simu akaifungua ramani, akakikuta kitone cha buluu kile kinachoonyesha mtu alipo, kimetulia juu ya paa la nyumba yake kama kawaida. Akaiweka simu mezani, akaondoa mikono, wakainama wote wawili kuitazama. Na kitone kikaanza kwenda. Simu haijaguswa, imelala pale pale kando ya ganda la kitunguu, lakini kitone kilitoka jikoni taratibu kama mtu anayehesabu vigae, kikaingia sebuleni kikasimama, na wao wakasikia ubao wa sebuleni ukilia, kikaingia chumba cha Mama Kufuli kikasimama, na pazia la huko likasugua ukuta, kisha kikakata korido kuelekea chumba cha ndani, na ile harufu ikawapitia puani nzito mpaka mtoto akaacha kunyonya, akageuza shingo, akakodoa macho mlangoni kwenye kitu ambacho hakikuwepo, akatabasamu.

Mdogo wake alijiziba mdomo. Mama Kufuli alikamata nyundo na kuinua.

"Usivunje!" mdogo wake alinong'ona. "Ukivunja, tutajuaje kiko wapi?"

Ndiyo ulivyo huu ushenzi. Unakuogopesha, halafu huwezi kuuacha.

Asubuhi alikwenda kwa mganga, simu ameikunja ndani ya taulo. Mganga alikuwa na chumba nyuma ya duka la fotokopi, mtu mfupi wa miwani, hana mbwembwe. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaifunika simu kwa sufuria na kuinamisha kichwa.

"Nani alimkaribisha?"

"Sijamkaribisha mtu mimi!"

"Jini hapiti mlango uliofungwa mpaka mwenye nyumba aseme ndiyo. Ulisema, mama. Labda kwa kidole." Alishusha sauti. "Huyu namjua. Zamani alikuwa wa njia panda, ana njaa, anakula kujua tu: fulani ametoka, fulani yuko wapi, fulani yuko peke yake. Alikuwa amekonda kabisa. Halafu watu wenye ofisi za vioo wakampata, wakamfuga. Wanampa nyumba zote za dunia anuse. Anachokijua yeye wao wanamuuzia anayetafuta, na kila kikiuzwa, yeye anashiba."

"Anayetafuta chochote?"

"Chochote. Hachagui. Muuza nepi, muuza dawa."

"Na mume?"

Mganga alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Jini bado hajui aliye ndani ni nani. Anajua kuna mtoto, anajua kuna taya. Hana jina, wala hajaambiwa kwa kinywa cha mtu nani anaishi humo. Rudi nyumbani, umkatalie kwa kinywa chako pale pale aliposimama. Atakuuliza maswali. Usimjibu hata moja. Ukimjibu umempa kiti."

Kurudi, Mama Kufuli alitembea kwa hasira hadi watu wakampisha njia. Aliwawaza hao wa ofisi za vioo, wamekaa kwenye viti vya kuzunguka wanakunywa kahawa, na jini lao limesimama kando ya mto wa mdogo wake. Wangejua taya linavyolia likivunjika? Wangejua, wangemuuzia mume plasta ya ngumi zake.

Alifunga vitasa vitatu. Mdogo wake alikaa kitandani, mtoto mapajani. Mama Kufuli alisimama katikati ya chumba cha ndani, simu mkononi, kitone cha buluu kikiwa hapo hapo walipo, na akasema: "Toka. Nilikuruhusu, sasa sikuruhusu. Toka nyumbani kwangu."

Harufu ilikuja. Halafu ile sauti laini, na haikutoka kwenye simu, ilitoka pembeni ya kabati: "Tunajali faragha yako."

"Ishia huko na faragha yako!"

"Tunasikitika kuona unaondoka. Baadhi ya huduma hazitafanya kazi vizuri. Una uhakika?"

Alibana meno.

"Unaweza kupotea njia. Wateja wako hutawapata. Una uhakika?"

Jasho lilimtiririka. Mdogo wake alikuwa akimwangalia kwa macho makubwa, akitikisa kichwa, usijibu, dada, usijibu. Na sauti ikasogea, sasa iko mbele yake kabisa, pumzi yake ya waya inamgusa kope, ikabadilika, ikawa ya kikazi, ya haraka haraka, kama mteja aliyefungiwa nje na mvua inanyesha:

"Ombi limepokelewa. Tunafuta nyumba. Mlango upi huu? Wa nani? Ndani anaishi nani?"

Na ulimi wa Mama Kufuli, ulimi uliofundishwa kwa makofi, ukajibu wenyewe: "Huu hapa, wa kwangu, anaishi mdogo wangu."

"Asante," ilisema sauti.

Harufu ikakatika papo hapo. Kitone kikafutika. Chumba kikawa chepesi, safi, hewa ya kawaida ya mchana, na mdogo wake akaanza kucheka na kulia pamoja: "Kimeondoka! Dada, kimeondoka!"

Mama Kufuli alikaa chini sakafuni. Alikuwa ameshaelewa. Jini halikufukuzwa. Lilikwenda kupeleka bidhaa.

"Nimekuuza," alisema. "Mungu wangu, mdogo wangu, nimekuuza kwa mdomo wangu. Amka. Beba mtoto."

"Dada..."

"Amka nimesema! Mumeo analetwa, yuko njiani sasa hivi!" Alikuwa ameshafungua komeo la nyuma, anamsukumia khanga, shuka, pesa zote za kwenye kopo. Aliikung'uta hata mikunjo ya shuka kama mwenye kutafuta kunguni. "Usipande chochote kinachoitwa kwa simu. Usimuulize njia mwenye simu mkononi. Nenda."

"Niende wapi?"

Mama Kufuli alifungua mdomo. Walikuwa na shangazi mji wa pili. Kulikuwa na rafiki yao wa utotoni, ana nyumba kubwa na roho kubwa. Majina yote yalimjia ulimini, na akayameza moja moja.

"Sijui. Chagua mwenyewe. Wala usiniambie."

"Sasa nitakupataje baadaye?"

"Hunipati."

Mdogo wake alimwelewa taratibu, na uso ukamvunjika. Huyu dada ndiye aliyemlea, aliyemfundisha kusuka nywele na kutukana. Alitaka kumkumbatia, Mama Kufuli akamsukuma, akiogopa kwamba akimshika hatamwachia. "Nenda, mwanangu. Nageuka. Sitaki hata kuona unakata kona ipi."

Akageukia ukuta. Alisikia kandambili zikikimbia, kisha hakusikia kitu.

Shemeji hakubisha hodi. Vitasa vitatu, kazi ya mikono yake, vilijizungusha kimoja baada ya kingine bila ufunguo, na mlango ukafunguka. Aliingia na manukato yake, na chini ya manukato, waya unaoungua. Simu aliishika mbele ya kifua. Hakuuliza njia. Alipita sebuleni akasimama, akapita chumba cha dada mtu akasimama, akaenda moja kwa moja chumba cha ndani hadi kando ya mto, mahali hasa, akaweka kiganja juu ya godoro ambalo bado lilikuwa na joto.

"Yuko wapi?" aliuliza, na sauti zilikuwa mbili, ya kwake na ile laini chini yake.

"Sijui."

"Thibitisha yuko wapi."

"Sijui!" Na Mama Kufuli akaanza kucheka, cheko la hasira tupu, nyundo mkononi, machozi yanamchuruzika. "Niulize tena, mbwa we! Wewe na waliokufuga! Niulizeni mpaka kiama! Si-ju-i!"

Shemeji alimpiga kofi lililompasua mdomo. Akamuuliza tena, na akampiga tena, na kwa kila jibu la "sijui" simu mkononi mwake ilififia kidogo, mpaka kioo kikawa cheusi. Mama Kufuli alipoigonga fremu ya mlango kwa nyundo akaita majirani wote kwa majina yao na ya mama zao, shemeji alitoka akitembea, anatikisa simu iliyozima, anatazama kulia na kushoto kama mtu asiyejua yuko mtaa gani.

Hajampata mkewe. Hilo linajulikana, kwa sababu bado anatafuta.

Mama Kufuli bado anatengeneza vitasa, kwa kuuliza njia kwa mdomo, na watu wanamcheka. Hana simu. Lakini mitaani kila mtu anayo yake, kila mmoja amesharuhusu, na mara nyingine foleni inapobanana harufu ile humpitia puani, inauliza taratibu. Hujibu kimoyomoyo kwamba hajui.

Juzi sokoni, kati ya wauza ndoo, alimwona mwanamke kwa nyuma. Bega lilikuwa lile, na mwendo ulikuwa ule, na mgongoni mtoto mkubwa mkubwa anayechungulia. Moyo ulimpiga hadi ukamuuma. Angeita mara moja tu, mwanamke angegeuka.

Mama Kufuli alifumba macho yote mawili, pale pale katikati ya watu wanaompiga vikumbo na kumtukana, akayabana mpaka alipokuwa na hakika kwamba mwanamke yule, awe nani, ameshapita.